Matetea Kumi na Moja, Jogoo wa Kuchi na Notisi ya Afya

Notisi ililetwa Jumanne baada ya adhuhuri na kijana ambaye hata ndani hakutaka kuingia, alisimama pale dakani, kibaraza cha mlangoni, akanyoosha karatasi, "Bi mkubwa, tia sahihi hapa", nikatia huku mikono imejaa unga, akaenda zake. Nimeisoma mara tatu. Jina langu limekosewa herufi mbili. Imeandikwa kile Kiingereza kigumu cha serikali na ukiikamua yote inasema kitu kimoja, kwamba nyumbani kwangu kuna kero, nimepewa siku kumi na nne niiondoe, na nisipoiondoa tutakutana kortini. Kero yenyewe ni kuku wangu.

Sasa kwa mtu wa bara ambaye kwao nyumba na nyumba zimeachana hatua hamsini pengine hataelewa. Mimi naishi Mkomani, Lamu, ndani ya ule Mji Mkongwe ambao UNESCO waliutia kwenye orodha yao mwaka 2001, na huku nyumba hazina uwanja. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Kichochoro cha nje ukikutana na punda mwenye mzigo wa mchanga lazima mmoja wenu arudi nyuma, na punda harudi. Kwa hiyo mtu akitaka kufuga kitu anafuga kiwandani, ile sehemu ya wazi katikati ya nyumba, au anafuga darini juu kabisa. Bibi yangu alifuga kiwandani miaka yote na sikumbuki siku hata moja mtu kaja na karatasi. Lakini wakati wa bibi kiwanda kilikuwa na mchanga na mti wa mpera, leo changu kina mashine ya kufulia na tangi la maji, basi kuku wakapanda juu.

Walianza wanane. Niliwanunua Hindi kwa mama mmoja mkulima, matetea wa kienyeji, nikawatia kwenye tenga, matatu mpaka Mokowe, halafu boti, na boti nzima watu wakinicheka kwa sababu mmoja alitaga njiani na yai likagaragara mpaka miguuni mwa askari. Baadaye wakawa kumi na moja. Halafu ndugu yake mamangu akaniletea zawadi, jogoo wa kuchi.

Hapa niseme kidogo maana hili ndilo lililoniponza. Kuchi si jogoo wa kawaida. Ni mrefu, shingo kama ya mbuni mdogo, kifua mbele, miguu minene, anatembea kama mwenye nyumba. Huku kwetu kuchi ni fahari, wafugaji wa bara wanawatafuta kutoka Lamu kwa sababu ya umbo na nyama, na mwenye kuchi mzuri hauzi kwa bei ya kuku. Wangu alikuwa mwekundu wa kutu na mkia mweusi. Nilimpenda bure. Na mwezi wa nne mmoja wa wale vifaranga wa kwanza akatokea pora naye akaanza kujifunza kuwika, sauti inakatika katikati kama mvulana anayebaleghe, kwa hiyo nikawa na wawili.

Malalamiko nayo yalikuwa mawili, harufu na sauti, na nilichelewa sana kuelewa kwamba ni mambo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

Harufu kwanza. Mimi nilianza kufuga mwezi wa kumi na mbili, kaskazi inavuma, hakuna aliyesema kitu, nikajiambia mimi msafi sana. Kumbe! Upande wangu wa kusini kuna nyumba ya Mzungu ambayo mwaka mzima imefungwa, popo tu wanaishi, na kaskazi ilikuwa inapeleka kila kitu huko. Ilipofika Aprili upepo ukageuka kusi, masika yakaanza kunyesha, mavi ya kuku yakarowana, na mavi ya kuku yakirowa kwenye joto yanatoa ile amonia inayochoma pua. Yote ikaenda kwa jirani yangu wa kaskazini, mzee mmoja ambaye mimi humwita Ami ingawa hatuna damu. Miezi minne mimi msafi kwa hisani ya upepo! Na mbaya zaidi nilikuwa nawapa kuku vichwa na matumbo ya samaki kupunguza gharama ya chakula, maana kuku mmoja mkubwa anakula kama gramu 120 kwa siku na gunia linalovuka bahari bei yake si ya huko Mombasa. Mayai yenyewe yakaanza kunuka samaki. Mteja wangu mmoja alirudisha trei nzima akasema "mwenzangu, hili yai ama samaki changu?"

Baada ya notisi nikafanya kitu ambacho nadhani wengi hatufanyi, nikaitafuta sheria yenyewe nisome. Nilitarajia nikute mahali pameandikwa, mjini mtu anaruhusiwa kuku kadhaa, tundu liwe mita kadhaa kutoka ukutani, basi nihesabu nijue kama nimevuka. Notisi ilikuwa imetaja Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, sheria ya tangu ukoloni. Inasema mtu asisababishe kero kwenye mahali anapomiliki au anapokaa, halafu kinakuja kifungu cha 118 kinachoorodhesha kero ni nini, ndefu hiyo, mitaro, vyoo, marundo ya taka, na humo ndani kuna banda la ng'ombe au jengo lolote la kuwekea wanyama au ndege ambalo jinsi lilivyojengwa, lilipo au linavyotunzwa linaudhi au linadhuru afya. Idadi hakuna. Yaani humo unaweza kuwa na kuku hamsini wasafi ukawa salama na ukawa na watatu wachafu ukapelekwa kortini. Na kifungu cha 119 ndicho kinachompa afisa wa afya nguvu ya kukuandikia notisi uondoe kero kwa muda atakaoutaja. Sikiliza vizuri, uondoe *kero*. Hakuna mahali pameandikwa uondoe kuku.

Hilo neno moja ndilo lililonipa nguvu ya kwenda ofisini.

Sitaitaja ofisi. Nilikaa benchi kutoka saa tatu hadi saa sita. Nikamuuliza bwana mmoja mpole tu, je kaunti ina sheria ndogo ya kuku, kwa sababu Katiba ya 2010 kwenye ile Jedwali la Nne imewapa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na ya kushughulikia kero za umma, kwa hiyo nilijua mlango wa kugonga ni wao. Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mkewe. Akasema, "Mama, wewe toa tu hao kuku." Nikasema notisi inasema niondoe kero. Akasema, "Kero ni kuku." Nikasema kero ni harufu, kuku ni kuku. Tukazunguka hapo kama punda wa kinu cha mafuta mpaka adhana ikatutenganisha. Lakini kabla sijatoka akanong'ona kitu cha maana kuliko yote, akasema huwa hawatembei kutafuta kuku, wanakuja mtu akilalamika. Kwa hiyo sheria ya kuku Mkomani, ukweli wake, ni jirani. Na mimi nilikuwa bado sijakwenda kukaa na jirani yangu hata siku moja nikazungumza naye habari hii.

Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, ana kuku watatu nyuma ya nyumba kwenye kijibustani cha ukubwa wa mkeka. Nikampigia kumlilia. Akanicheka, akasema huko tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hata ukiwa na kuku mmoja lazima umwandikishe serikalini, kwa ajili ya mafua ya ndege, zamani ilikuwa mpaka ufikishe hamsini. Yeye kajaza fomu mtandaoni, kuku watatu, anwani, simu, kaulizwa mpaka wanafugwa kwa nini. Na kule New York matetea ruhusa lakini jogoo marufuku, mji mkubwa ule wote hakuna jogoo wa halali. Nilipoyasikia hayo kwanza niliona hawa watu wana wazimu, halafu nikafikiri, wallahi bora wao. Kwao unajua. Unahesabu vidole unajua uko ndani ya sheria au nje. Huku kwetu unalala uko sawa, upepo unageuka, unaamka umekuwa kero.

Ile ya New York ndiyo ilinikaa rohoni, maana ilikuwa inanionyesha kitu nilichokuwa sitaki kukitazama. Jogoo.

Nikaenda kwa Ami baada ya isha, na kisahani cha visheti, maana mikono mitupu haifai. Akanikaribisha pale dakani kwake. Nikamuuliza moja kwa moja kama ni yeye aliyekwenda kusema, akaapa si yeye, na mimi nimemwamini, mpaka leo sijui ni nani na nimeacha kutafuta. Ila akasema, "Mwanangu, mimi nna miaka sabini na sita, usingizi wangu ni kidogo kama wa paka, na hunu wako aukata vipande vipande." Mimi nikajitia mjuzi, nikamwambia Ami, Mtume amekataza kumtukana jogoo kwa sababu anaamsha watu kwa sala. Akasema, "Simtukani. Jogoo wa sala namjua. Hunu wako aamsha watu saa nane. Sala gani ya saa nane?" Nikasema tahajudi, Ami. Akacheka mpaka akakohoa, akaitisha maji, na nafikiri mambo yalianza kulainika hapo.

Lakini alikuwa na haki. Nilikwenda kusoma habari za majogoo (usiku, kitandani, simu mkononi, wao wakiwika juu ya kichwa changu) nikakuta wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani mwaka 2013 waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu saa zote ishirini na nne, hakuna asubuhi hakuna jioni, na bado wakawa wanawika kwa saa zao. Jogoo ana saa ndani ya mwili, anaanza kama saa mbili kabla mwanga haujatoka. Kwetu hiyo ni kama saa kumi alfajiri, si mbali na adhana, hapo Ami asingenuna. Tatizo ni taa. Kuna nyumba ya wageni mkabala na mimi wameweka taa kali ya sola inayowaka mtu akipita, na kila mlevi akipita saa nane taa inawaka, kuchi wangu anadhani kumekucha. Hao hao wa Nagoya baadaye, 2015, wakaona kwamba majogoo wakiwa pamoja mkubwa wao ndiye anayeanza, wadogo wanangoja zamu kwa kufuata vyeo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu hasa! Kuchi anawika, kimya kidogo, halafu pora na kile kisauti chake cha kukatika. Ami alikuwa anawasikia wawili kwa adabu na mpangilio, kila mlevi mmoja mara mbili.

Na sauti nayo ina sheria yake, nyingine kabisa, kanuni za kelele za mwaka 2009, usiku unahesabiwa mpaka saa kumi na mbili asubuhi na sehemu za makazi kiwango ni desibeli 35. Nilishusha programu ya simu nikapima nikiwa nimesimama ngazini, mlango umefungwa: 71. Simu si kipimo cha mahakama lakini hata ukitoa nusu ya uongo wake mimi nimeshindwa kesi.

Watu huku wanaambizana jogoo wa shamba hawiki mjini. Anawika bwana, anawika sana, shida ni wanaomsikiliza.

Kitu kilichonishangaza ni wangapi walioniambia nisimtoe kwa sababu "matetea hawatataga". Watu wazima, wenye vyeti. Kuku anataga bila jogoo, jamani. Jogoo unamhitaji ukitaka vifaranga tu, koo aatamie siku ishirini na moja mtotoe, lakini yai la kula halina habari na jogoo. Na vifaranga vyenyewe darini kwangu nilikuwa nalisha nani? Paka wa Lamu na kunguru. Paka angalau unamfukuza kwa ndala. Kunguru hawa wa Kihindi walioingia Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wameijaza Pwani nzima, mpaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori, wakatangaza watawaua milioni moja, hao hawafukuziki, anakaa kwenye ukingo anakutazama, ukigeuka tu kifaranga hayupo. Katika vifaranga tisa nilibaki na wawili.

Basi kuchi akaondoka. Vijana wawili walikuja kumtaka kwa pesa nzuri, pesa nzuri mno, na nilipowauliza wa nini wakatazamana. Nilijua. Kupiganisha majogoo ni kosa kwa sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na hata isingekuwa kosa mimi sikumlea kwa mkono nimpeleke akatobolewe macho. Nikamrudisha kwa mjomba, tenga lile lile, boti ile ile. Pora tulimla Ijumaa. Nyama ngumu lakini mchuzi wa nazi ulikuwa mzuri.

Harufu ilikuwa kazi zaidi. Mafundi wa milango, hawa wachongaji wetu, wanatoa maranda kila siku na wengine wanayachoma tu, nikaongea na mmoja akawa ananijazia gunia kila Alhamisi. Maranda makavu chini ya tundu, kina cha kiganja, nageuza kila asubuhi kwa reki, palipolowa natoa natia mengine, jivu la jikoni pembeni kuku wajipukute utitiri. Samaki basi. Kinyesi kinashuka na punda wa kijana anayepeleka mbolea mashambani, na hapa niseme tu kwamba punda huyo huyo anaangusha mzigo wake mbele ya mlango wangu kila siku na hakuna aliyemwandikia notisi, ana zahanati yake maalumu tangu miaka ya 80, mimi kuku wangu hata daktari hawana. Tundu lenyewe nilitaka kuliezeka mabati nikaambiwa Mji Mkongwe mabati hayatakiwi yanaharibu sura, nikaweka makuti. Mvua ya kusi nayo inapiga kwa ubavu, ikabidi nifunge turubai upande mmoja. Turubai la bluu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu turubai la bluu.

Sasa ile iliyonifungua macho kabisa ni chanjo. Katikati ya mambo hayo kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikasikika Mpeketoni, na kideri kikiingia hakikuachii hata mmoja. Chanjo yake rahisi, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, lakini chupa ndogo kabisa niliyoipata ni ya dozi 100 na ikishafunguliwa haikai. Mimi nina kuku kumi na mmoja. Nikaandika kwenye kile kikundi chetu cha Watsapu cha wanawake wa mtaa, cha mchango wa harusi, nikasema jamani naletewa chupa Jumamosi ndani ya flaski ya barafu, kuna mwenye kuku tugawane gharama? Nikangoja. Dakika kumi kimya. Halafu mmoja akaniandikia faragha, "mimi nina wanne lakini usimwambie mtu". Halafu mwingine, faragha. Halafu mwingine. Kufika usiku nilikuwa na majina kumi na saba kwenye daftari na kuku 83, katika vichochoro sita tu, na kila mmoja anadhani anafuga peke yake! Kuku wa kiwandani, wa chini ya ngazi, wa bafu lisilotumika, kuna mama anafuga watatu ndani ya daka lililozibwa. Jumamosi watoto walipanga foleni kwangu na makapu, na mifuko ya simiti iliyotobolewa matundu, na mtoto mmoja alileta kuku wake ndani ya begi la shule, zipu imeachwa kidogo kichwa kitokeze. Katika daftari hilo kuna mke wa mtu ambaye ofisi yake nimekwisha sema siitaji. Matetea sita. Wanono.

Nilifurahi, lakini pia nilikasirika. Watu kumi na saba wanaogopa karatasi ambayo hakuna aliyeisoma, kwa hiyo hawachanji, hawaulizi mtu, kuku akifa anatupwa baharini usiku, na hiyo ndiyo hatari ya kweli kwa afya ya umma kuliko pua ya mtu yeyote. Mimi nikiulizwa ningesema hivi, jogoo asiwepo ndani ya Mji Mkongwe, piga marufuku kabisa wala sitabisha, matetea mtu awe nao wachache wanaojulikana, aoneshe chanjo, achungulie upepo. Iandikwe kwa Kiswahili ibandikwe pale Mkunguni mbele ya Ngome watu wasome. Basi. Lakini sijaulizwa.

Siku ya kumi na nne afisa alikuja, huyu mwingine, mwanamke, akapanda ngazi zote nne akihema. Akasimama darini akavuta pumzi kwa pua kama anayeonja manukato. Akashika maranda. Akauliza jogoo yuko wapi, nikamwambia Mokowe. Akaangalia daftari la chanjo akalipiga picha ukurasa wangu peke yake (mingine niliifunika kwa kiganja). Akasema sawa, hii si kero. Nikamwambia mama, niandikie basi, maana notisi mliileta kwa maandishi. Akasema njoo Jumatatu.

Jumatatu alikuwa amekwenda Mpeketoni kwenye mkutano. Jumatatu ya pili ilikuwa sikukuu. Ya tatu nikaambiwa faili halionekani, nirudi nalo jina langu kamili, nikawakumbusha kwamba jina langu wao ndio walilikosea. Notisi bado iko kwenye droo ya kabati, chini ya vyeti vya watoto. Yule afisa siku ile alinunua trei moja ya mayai wakati anashuka, akaomba nimpunguzie, nikampunguzia. Chanjo inayofuata ni mwezi wa tisa, na majina kwenye daftari sasa ni ishirini na moja.